Aje na Mzazi Wake

Wete, Pemba
9 Septemba 2024

Shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanapili,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai wewe, binti yako Rahila na wajukuu wa Tanga hamjambo. Huku kwetu tu wazima. Baba anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi ya msikiti, lakini akiambiwa aswali nyumbani hununa mpaka jioni. Yumna wangu amepoteza meno mawili ya mbele kwa wiki moja, na sasa hataki kucheka mbele ya wageni. Barua hii nampa Ashraf wa boti, maana simu kwako siku hizi haina faida. Mara ya mwisho nilikuambia nimepata kazi, ukanijibu kwamba na nyinyi Tanga mvua imenyesha.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Tangu mwezi uliopita mimi si makamu mkuu wa skuli tena. Nimehamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya, mratibu wa elimu mbadala na nidhamu. Jina refu, ofisi fupi: meza moja, kabati lisilofunga, na orodha ya watoto mia moja na arobaini waliosimamishwa, waliofukuzwa au waliopotea wenyewe. Natakiwa niwarudishe darasani, na wasiorudi niwatafutie darasa jengine. Nimepewa ghala la zamani la karafuu, tumelifagia siku tatu na bado tukikaa humo tunapiga chafya. Wanafunzi kumi na tisa wameshaanza.

Wengi wa orodha hii hawakufanya ubaya wowote. Wamekwenda kambini kuchuma karafuu na wazee wao, mavuno yakaanza kabla skuli hazijafungwa, wakaandikwa watoro. Kuna msichana mmoja ananiumiza moyo, Suhaila, miaka kumi na saba, alikuwa Kidato cha Tatu pale pale skuli yetu ya kilimani uliyoiongoza wewe. Alisimamishwa mwezi wa Julai kwa utoro na akaambiwa arudi na mzazi. Bibi yake alikuja, akarudishwa. Mama yake hataki kukanyaga skuli kabisa. Baba yupo Oman na namba yake haiingii. Mtoto ana akili kama wembe, na mwakani ni Kidato cha Nne. Jina lake lisiporudi kabla ya mwisho wa Februari hatasajiliwa mtihani, atakaa nyumbani mwaka mzima, na unajua msichana wa umri ule akikaa nyumbani mwaka mzima maneno gani huanza kupita barazani.

Wewe umeendesha skuli miaka ishirini na mbili. Niambie, mzazi asiyetaka kuja unamfanyaje?

Ni mimi mwanao,
Rawya Nassor


Ngamiani, Tanga
24 Septemba 2024

Mwanangu Rawya,

Waalaykum salaam. Sote wazima, alhamdulillah, ukiondoa masikio yangu ambayo yamejistaafisha bila barua. Rahila amenipeleka kwa daktari, daktari akasema maneno mengi, nami nikaitikia kwa kichwa kwa adabu. Mjukuu wangu mkubwa amenifundisha kutuma ujumbe kwa simu. Nimejaribu mara mbili. Herufi zile ni za sisimizi, na ujumbe wa simu mtu huufuta akiwa na hasira. Tuandikiane hivi hivi.

Hongera kwa cheo. Mwambie kaka yangu aache ubishi na magoti yake. Yumna mwambie hata mimi sina ya mbele na nacheka.

Sasa swali lako. Nakushangaa kuniuliza, kwa sababu jibu umelelewa nalo. Mtoto bila mzazi mbele ya meza yako ni maneno matupu. Mimi nilikuwa sianzi kesi mpaka mzazi aliyemzaa akae kile kiti cha mbao, nikamtazama machoni, akanitazama. Si mjomba, si jirani, si bibi mzaa bibi. Wakija wa kuazima, mtoto anajifunza kwamba mambo yanaweza kuazimwa. Skuli ile haikupata sifa kwa kubembeleza watu. Kaza. Mama atakuja. Wote hukataa mwanzo, kisha huja na khanga mpya na machozi.

Kuhusu hilo ghala, mwagieni maji sakafu, kisha chokaa. Chafya zitakwisha.

Na huyo mama wa msichana ni nani? Wa ukoo gani? Wengi wa pale nimewasomesha.

Shangazi yako,
Mwanapili binti Mjaka


Wete
12 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Nakuamkia, shikamoo, na naomba barua hii ikukute kwenye afya. Ya chokaa tumeyafanya, na kweli chafya zimepungua. Baba amekubali fimbo ya kutembelea kwa sharti isiitwe fimbo. Tunaiita bakora ya heshima.

Nilikwenda kambini wiki iliyopita. Nikakosea kosa la mtu wa ofisini. Nilishuka kwenye gari na daftari la mahudhurio mkononi nikaanza kuita majina, na kabla sijafika jina la nne, mikarafuu ilikuwa mitupu. Vijana walishuka wakatoweka kichakani, nikabaki na wazee wanaonitazama kama niliyekuja kukamata watu. Mwalimu Hafiz, kijana ninayefanya naye kazi, akaninong'oneza niliweke daftari ndani ya gari. Tukakaa na sisi juu ya jamvi, tukachambua karafuu na wenzetu, vikonyo huku, karafuu kule. Hafiz akaanza kusimulia sura ya historia ya Kidato cha Tatu kana kwamba anapiga soga. Baada ya muda wale vijana wakarudi mmoja mmoja. Mikono inachambua, masikio yanasoma. Sasa tunafanya hivyo kila siku baada ya laasiri, kambi tatu, na kitabu anakishika yule ambaye vidole vyake vimechoka. Sikuyaona haya katika mafunzo yoyote niliyopelekwa.

Suhaila yumo, na yeye ndiye mwenye majibu. Mama yake alikaa mbali, ametugeuzia mgongo. Nilipomfuata nikajitambulisha, Rawya wa Nassor Mjaka, akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Mwanapili ni nani wako?" Nikasema shangazi yangu. Akasema, "Basi rudi ulikotoka. Mie na skuli zenu tumemalizana mwaka elfu mbili na tatu."

Anaitwa Mwatum. Jina hilo huenda unalikumbuka.

Mwaka ule mimi nilikuwa chuoni Unguja, sikujua kitu. Nikaenda skulini, nikafungua kabati la zamani, nikalitoa daftari lako la nidhamu. Mwandiko wako kwa wino wa kijani, hata vumbi halijaufifisha. Umeandika hivi: "Mwatum, Kidato cha Pili. Utoro wa siku kumi na moja, karafuu. Aliambiwa aje na mzazi. Amemleta mama wa uongo. Amefukuzwa kwa udanganyifu." Na sahihi yako.

Huyo mama wa uongo ni Bi Zuweina. Mama mzazi wa Mwatum alifariki mtoto ana miezi minne, na Bi Zuweina, jirani, akamtia kifuani pamoja na mwanawe wa mwisho. Kijiji kizima kinajua kuwa amemnyonyesha. Watoto wa Bi Zuweina ni ndugu zake wa kunyonya, hawezi hata kuolewa na mmoja wao. Kwa dini yetu huyo si mama wa uongo, shangazi, na wewe unaijua dini kunishinda.

Mwatum amesema neno moja zaidi, nalo linanisumbua: "Kamuulize shangazi yako alimwambia nini mama yangu mbele ya watu." Nimemuuliza Bi Zuweina, ameniambia amesahau. Hakuonekana mtu aliyesahau.

Ulimwambia nini?

Mwanao,
Rawya


Tanga
20 Novemba 2024

Mwanangu Rawya,

Salaam nyingi. Barua yako imechelewa sana kunifikia, huyo Ashraf ameisahau mfukoni, ndiyo maana na mimi nimechelewa. Rahila amemwozesha mwari mmoja wa mtaani, nyumba ilikuwa imejaa watu siku tano, na mimi nikakalishwa kwenye kiti kizuri nikitabasamu kwa watu nisiowasikia. Pilau lilikuwa zuri ila chumvi ndogo. Asumini langu uani limefunga maua mengi. Mjukuu wa pili ameshika nafasi ya tatu darasani.

Nimefurahi kwa darasa la kambini. Muwe waangalifu na mvua za vuli, karatasi zisirowe.

Mambo ya mwaka 2003 ni ya zamani na wengi waliokuwepo wamekwisha kufa. Skuli ilikuwa na wanafunzi mia sita na walimu kumi na moja. Kila mavuno nilipoteza darasa zima. Mtu asiyekuwepo hawezi kuhukumu. Daftari limeandikwa lilivyoandikwa.

Msalimie baba yako na bakora yake.

Shangazi yako,
Mwanapili


Wete
3 Desemba 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Baba hajambo, Yumna ameota jino moja, mavuno yanaelekea ukingoni.

Ashraf nimemuuliza. Ameapa kuwa barua yangu alikukabidhi mkononi siku ya pili baada ya kuipokea, tarehe kumi na nne Oktoba, na wewe ukampa chai na mkate wa kumimina. Kwa hiyo barua ilikaa kwako wiki tano. Mimi ni ofisa wa nidhamu sasa, shangazi, watu wananidanganya kila siku asubuhi na wengi wanajua zaidi yako. Lakini sina haki ya kukucheka, na sababu yake nimekuficha tangu barua ya kwanza.

Nilikuandikia kwamba Suhaila "alisimamishwa" na kwamba bibi yake "akarudishwa". Ni mimi niliyemsimamisha. Nilikuwa makamu mkuu. Barua ya wito nimeiandika mimi, na fomu yake niliibuni mimi miaka mitatu iliyopita nikaona fahari, ina mstari usemao: mzazi aliyemzaa, si mwakilishi. Niliutoa kwako mstari huo. Bi Zuweina alikuja tarehe kumi na sita Julai, amevaa buibui lake lililopauka, ametembea kutoka kijijini, ana miaka sabini na minane. Nikamwambia, bibi, karatasi inasema mzazi. Hakubishana. Aliitazama ile karatasi, na hajui kusoma, kisha akaniuliza kama anaweza kupata maji ya kunywa. Nikampa maji nikajiona mtu mwema.

Yule yule mwanamke amerudishwa kwenye mlango ule ule mara mbili, miaka ishirini na moja kati yake, na ukoo wetu ndio uliomrudisha mara zote mbili. Nimelia ofisini mpaka Hafiz akatoka nje kwa aibu.

Fomu nimeshaibadilisha, wilaya nzima. Sasa imeandikwa "anayemwajibikia mtoto". Nikaenda nayo kambini nikamwonesha Mwatum, nikakiri mbele yake niliyoyafanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mimi angalau nilimpa mama yake maji. Ila cheti cha kuzaliwa cha Suhaila anacho yeye, na bila cheti mtoto hasajiliwi, na hakitoi. Anasema, "Wamemkataa mama yangu, sasa wanibembeleze mie? Bado kuna neno halijasemwa."

Juzi nilimkuta Suhaila anajifanyia hesabu za Kidato cha Nne peke yake, nyuma ya karatasi za kufungia sukari.

Sikuulizi tena ulisema nini. Nakuambia tu kwamba mlango umefungwa kwa neno hilo, na ufunguo uko Tanga.

Rawya


Tanga
2 Januari 2025

Mwanangu Rawya,

Waalaykum salaam. Ashraf kasema kweli, hata mkate wa kumimina ni kweli.

Nitaandika haraka kabla sijaghairi.

Siku ile walikuwepo wakaguzi wawili kutoka Unguja. Wanafunzi wamepanga mistari, asubuhi, jua kali. Mwezi ule karafuu zilikuwa zimenichukulia watoto tisini, nami nilitaka wakaguzi waone kuwa skuli ina mwenyewe. Mwatum akaja na Bi Zuweina. Nikamuuliza mbele ya wote, huyu nani? Akajibu, "Huyu ndiye mama yangu." Mimi nilikwenda kumzika mama yake. Nikasema, mama yako yuko kaburini, mbona unaniletea wa kuazima? Bi Zuweina akasogea mbele, akasema kwa upole, "Mwalimu, ntoto huyu nimemnyonyesha mie."

Nikamjibu, "Hata ng'ombe hunyonyesha, nimkalishe kitini?"

Skuli nzima ilicheka. Wakaguzi walicheka. Na mimi nilicheka, Rawya, nilifurahi kuwa nimesema neno la kuchekesha. Bi Zuweina alijifunga vizuri mtandio wake, akamshika Mwatum mkono, wakateremka kilima. Mtoto alikuwa anageuka nyuma, yeye hakugeuka.

Nilijua. Usije ukadhani sikujua. Nimekaa kwa maalim kama ulivyokaa wewe, najua mama wa kunyonya ni nani mbele ya Mwenyezi Mungu. Nilijua nikiwa nasema na nikasema. Ile jioni ndiyo nikaandika "udanganyifu" kwenye daftari, kwa sababu utoro peke yake haukutosha kumfukuza, na nisingemfukuza ningelazimika kumwona kila siku.

Kabla sijastaafu nilipita mbele ya nyumba ya Bi Zuweina mara mbili, mara moja nikiwa na kilo ya sukari. Alikuwa barazani. Nikamwamkia nikaendelea na njia, sukari nikarudi nayo. Masikio yangu haya yamekufa, lakini kile kicheko cha mstarini bado nakisikia vizuri sana.

Na wewe nimekurithisha. Mali gani niliyokuachia, mwanangu. Nisamehe.

Humu ndani kuna karatasi nyengine, nimeikunja mara nne. Ni ya Mwatum. Isome kwanza uone kama inafaa, kisha umpe. Nimeandika neno lile kama lilivyokuwa, sikulipunguza, na nimeandika kwamba mwongo siku ile alikuwa mimi.

Mwanapili


Wete
25 Januari 2025

Shangazi yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Skuli zimefunguliwa. Katika wale mia moja na arobaini, sabini na nane wamerudi, na ghala letu lina wanafunzi thelathini na mmoja. Wilaya jirani wamekuja kuangalia namna tunavyosomesha kambini, wakauliza vifaa gani vinahitajika, Hafiz akawaambia jamvi.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikuweza mara ya pili. Umeniomba nikusamehe. Mimi sina la kukusamehe ambalo mwenyewe sikulifanya, na nakupenda kama ninavyokupenda siku zote.

Ile karatasi nilimpelekea Mwatum siku ya Ijumaa. Kambi zimevunjwa, wako nyumbani sasa. Aliisoma amesimama. Akakaa akaisoma tena. Kisha akaniambia nimsomee mama yake kwa sauti, pamoja na lile neno, kwa sababu alitaka mama alisikie kutoka upande wa mwenye kosa. Nikasoma. Bi Zuweina alikuwa anakuna nazi. Nilipofika pale alisimamisha mkono kidogo, kisha akaendelea kukuna. Aliposikia habari za sukari akasema, "Kumbe ilikuwa sukari. Mie nilidhani unga."

Mwatum hakulia na hakulainika. Amesema ameikubali barua lakini hawezi kumaliza jambo kwa karatasi, kwa sababu yeye hakufukuzwa kwa karatasi. Alifukuzwa mbele ya watu. Nikamuuliza basi anataka nini. Akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Nwambie aje skuli, pale pale mstarini. Na mie natia sharti lake mwenyewe. Aje na mzazi wake."

Nikamwambia, Mwatum, shangazi ana miaka sabini, wazazi wake wamekwisha tangulia. Akasema, "Wangu pia alitangulia. Nkaleta niliye naye."

Suhaila alikuwa mlangoni, akaondoka bila sauti. Zimebaki wiki tano usajili wa mtihani ufungwe.

Ukisema huji, nitaelewa, na sitakuona mwoga. Safari ya boti si ndogo kwa umri wako. Mimi ningesema nikusimamie, lakini Mwatum amenitazama kabla sijafungua mdomo akasema, "Si wewe. Wewe ni mwanawe."

Wako,
Rawya


Tanga
4 Februari 2025

Mwanangu Rawya,

Salaam. Nitakuja. Rahila amepiga kelele sana, nafikiri, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa unakwenda. Nimemwambia sisikii.

Siku saba nimetafuta mzazi. Usicheke. Mama yangu amezikwa mwaka ule wa kimbunga kidogo, baba kabla yake. Shangazi zangu wote wamekwisha, wajomba wote. Kaka yangu mkubwa ni baba yako, na huyo kwangu ni mtu wa kugombana naye tu. Hakuna hata mmoja aliye hai aliyewahi kunibeba mgongoni. Nimekaa kitandani nikawahesabu kwa vidole, vidole vikanishinda, na kwa mara ya kwanza nimejua mtoto anajisikiaje akiambiwa lete mtu na hana mtu. Niliwaambia wangapi neno lile, Rawya? Wengine nilikuwa najua nyumbani kwao hakuna mtu.

Nimepata jina moja. Nimelikataa siku mbili, kwa sababu ya haya. Lakini ni yeye tu aliyenizidi umri ninayemjua pale kijijini, ingawa amenizidi miaka minane na tutachekwa. Na ni yeye tu ambaye akisimama na mimi, Mwatum atajua kuwa nimefahamu.

Nenda kwa Bi Zuweina. Mwamkie kwa jina langu. Mwambie Mwanapili binti Mjaka ameitwa skuli na ameambiwa aje na mzazi, na hana. Muulize kama atakubali kuwa mzazi wangu siku hiyo. Akikataa ni haki yake, nami nitakuja peke yangu nisimame hivyo hivyo.

Mwanapili


Wete
13 Februari 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Baba ameshatandika chumba chako na anatembea na bakora nyumba nzima akitoa amri. Ashraf ameambiwa akuwekee nafasi kwenye boti ya Jumamosi, upande usio na mawimbi, kama upo. Mkuu wa skuli amekubali Jumatatu tarehe kumi na saba, asubuhi, mstarini, na mimi ndiye nitakayesimamia. Nitasema mbele ya watoto na langu mimi pia.

Nilikwenda jana baada ya alasiri. Walikuwepo wote watatu uani, wanaanua nguo. Nikasema maneno yako kama ulivyoniagiza, sikuongeza neno. Bi Zuweina alikunja khanga aliyokuwa ameishika, akaikunja tena, akaiweka kwenye kapu.

"Hana ntu kabisa?" akaniuliza.

Nikasema hana.

"Masikini. Ntu nzima vile." Akaanua nguo nyengine. "Nwambie ntakuja. Ila kilima kile kinanichosha, anishike nkono."

Mwatum aligeuka. Sijamwona akigeuka hivyo. Akasema, "Mama, ukisimama na yeye, mie nitasimama na nani?"

Bi Zuweina akamwambia, "Mikono nnayo miwili, mwanangu."

Hapo ndipo Mwatum alipolia, shangazi, ameshika nguo mbichi kifuani, na Suhaila akalia pembeni yake, na mimi sikubaki nyuma. Bi Zuweina peke yake ndiye aliyemaliza kuanua nguo. Baadaye Mwatum aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake cheti cha kuzaliwa cha Suhaila. Hakunipa mimi. Alimpa mwanawe mkononi, akamwambia akiweke vizuri kisirowe.

Nilikuwa na fomu mpya nikamwonesha Bi Zuweina mahali pa anayemwajibikia mtoto, kwa sababu Mwatum anataka mama yake ndiye atie sahihi. Kwa kuwa haandiki, tutamtilia wino wa dole gumba siku hiyo. Akaitazama fomu kwa muda, akauliza dole atatia mara ngapi.

Nimemwambia mara mbili, moja kwa Suhaila na moja kwako.

Mwanao,
Rawya